Mitumba na vitu vilivyotumika Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Tabata. Mama yangu aliuza mashati ya mtumba Mchikichini, Ilala, soko ambalo wengi mnaliita Karume, na utotoni nililala usingizi wa mchana juu ya marobota. Leo wateja wakiniletea suruali za kupunguza kiuno, maswali ni yaleyale: nimepigwa bei? Kuna faida kweli? Na haya ya mazingira yana ukweli wowote? Nimeyaandika hapa pamoja na majibu yangu. Ya friji, simu na magari nimeyajibu baada ya kukaa na mafundi wa fani hizo, na mengine baada ya kuumia mwenyewe.

Nikinunua mtumba badala ya kitu kipya, naokoa kiasi gani hasa?

Usilinganishe bei na bei. Gawanya bei kwa idadi ya siku utakazokitumia kitu, ndipo ukweli utaonekana.

Nilimnunulia mwanangu shati jipya Kariakoo kwa 15,000. Kitambaa kilikuwa chepesi, kola ilikunjamana kwa kufuliwa mara chache tu, na mshono wa kwapa ukaachia. Tuliposhindwana nalo alikuwa amelivaa kama mara 20. Kila alipolivaa, lilitugharimu 750. Mwaka huohuo nilimchukulia shati la mtumba la pamba nzito kwa 6,000. Tuseme fundi angemtoza 2,000 kupunguza mikono, jumla 8,000. Analivaa kila Jumapili, na sasa limepita miaka miwili. Ukigawanya, haifiki shilingi 80 kwa kila Jumapili, na shati bado lipo kabatini.

Hesabu hiyohiyo inaweza kukugeuka. Jinzi ya buku, yaani elfu moja, uliyoinunua kwa sababu ni ya buku, kisha ikakaa chini ya kabati hadi ikaota ukungu, ni ghali kuliko suti. Mama alikuwa akimwona mteja anajaza mfuko kwa pupa, anamuuliza, "Mwanangu, hii utaivaa na nini?" Alipoteza mauzo mengi kwa swali hilo, lakini wateja wake walirudi miaka nenda miaka rudi.

Akiba kubwa zaidi nimeiona kwenye nguo za watoto wadogo, makoti, viatu vya ngozi halisi, samani za mbao ngumu na vitabu. Mtoto huiacha nguo kabla haijachakaa, kwa hiyo unanunua kitu ambacho maisha yake bado yote yako mbele. Kitanda cha mtoto nilikinunua kwa mama mmoja wa Kimara kwa 90,000, kikatumika miaka miwili, nikamuuzia jirani kwa 80,000. Gharama yangu halisi ilikuwa 10,000 na nauli ya kirikuu.

Kwenye vifaa vya umeme, akiba hiyo huweza kuliwa yote na LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Nitalieleza hilo kwenye swali la friji.

Faida kwa mazingira inatoka wapi? Nguo si nguo tu?

Inatoka kwenye nguo ambayo haikulazimika kutengenezwa.

Fulana moja ya pamba, kuanzia shambani hadi dukani, hukadiriwa kutumia maji lita 2,700 hivi. Kwa ndoo zetu za lita 20, hizo ni ndoo 135. Kilo moja ya kitambaa cha pamba, kwa wastani wa dunia, hutumia lita zipatazo 10,000, yaani ndoo 500. Anayeishi mtaa ambao maji hutoka mara mbili kwa wiki anaelewa ndoo 500 ni nini.

Hapa niseme kwa haki: pamba yetu ya Simiyu, Shinyanga na Mwanza kwa sehemu kubwa hulimwa kwa mvua, kwa hiyo maji yake si sawa na ya pamba ya kumwagilia. Mfano mbaya zaidi uko Asia ya Kati. Kuanzia miaka ya 1960 mito ya Amu Darya na Syr Darya ilichepushwa kumwagilia mashamba, hasa ya pamba, na Bahari ya Aral, iliyokuwa miongoni mwa maziwa makubwa duniani, ikakauka karibu yote. Meli za wavuvi zilibaki zimekaa juu ya mchanga.

Kisha kuna polista, ambayo kwa sasa ndiyo nyuzi inayotengenezwa kwa wingi kuliko zote duniani. Asili yake ni mafuta ya petroli. Ongeza rangi, kemikali, makaa ya mawe au gesi ya kuendeshea mitambo, na hewa ukaa inayotoka humo. Hayo yote yalishafanyika kwa shati lililoko mezani Karume. Ukilivaa miaka mitatu zaidi, hakuna anayelazimika kuyafanya upya kwa ajili yako.

Ila kuna sharti, na bila sharti hilo sikubali mtu aniambie ananunua mitumba kwa ajili ya mazingira: mtumba uchukue nafasi ya kitu kipya ambacho ungekinunua. Ukihitaji shati moja ukabeba manne kwa kuwa ni rahisi, hujaokoa hata ndoo moja. Umehamisha mzigo kutoka meza ya muuzaji kwenda kabati lako, na kutoka hapo utakwenda jalalani.

Lakini zimesafirishwa kwa meli kutoka Ulaya au Marekani. Huo moshi je?

Upo, lakini ni mdogo ukilinganisha na wa kutengeneza nguo upya. Meli moja hubeba maelfu ya makontena, na moshi ukigawanywa kwa kila kilo unabaki kidogo. Na nguo mpya nyingi zilizojaa Kariakoo nazo zimekuja kwa meli kutoka Asia.

Si tunageuzwa jalala la Wazungu?

Swali hili linaniuma, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Wazee wetu waliziita nguo hizi "kafa Ulaya", na jina lile halikuwa na heshima.

Nieleze robota linavyofunguliwa. La kawaida lina kilo 45, limekazwa kwa mikanda, limeandikwa aina tu: mashati ya kiume, nguo za watoto, magauni. Mnunuzi haruhusiwi kuchungulia. Mama alikuwa akikata mikanda alfajiri, na mzigo ulikuwa unavimba wenyewe kama unga uliotiwa hamira, harufu ya dawa na kufungiwa muda mrefu ikajaa kibandani. Halafu alichambua mafungu. Daraja la kwanza lilitundikwa kwenye henga, la pili likakunjwa mezani, la tatu likamwagwa chini kwenye turubai, na hapo ndipo unaposikia "chagua buku, chagua jero!" Chini kabisa lilibaki fungu ambalo mama hakuwa na jina lake. Mashati yenye madoa ya wino, yaliyoungua pasi, yaliyochanika mgongoni. Kuna robota ambalo fungu hilo lilikuwa dogo, na kuna robota lililomfanya akae kimya hadi jioni, kwa sababu mtaji ulikuwa umo humo.

Fungu hilo huishia wapi? Baadhi huwa matambara ya gereji. Lililobaki ni taka, na linaingia kwenye mkondo uleule wa taka zote za jiji: dampo la Pugu Kinyamwezi, au mtaro, na mtaro wa upande huu wa mji unaelekea Mto Msimbazi. Msimbazi unapita Vingunguti na Jangwani, unamwaga baharini karibu na Daraja la Salender. Polista haiozi. Inakatika vipande, kisha chembechembe za plastiki, na zinabaki.

Kwa hiyo, ndiyo, wanaopakia robota huko waliko wanatutwisha gharama ya kutupa taka zao. Ghana wana shida hiyohiyo kubwa kwenye soko la Kantamanto jijini Accra, na jangwa la Atacama huko Chile lina milima ya nguo zilizotupwa. Dawa ninayoiona ni ukaguzi mkali kabla mzigo haujapanda meli, na mpakiaji abebe hasara ya robota bovu badala ya mama wa Mchikichini. Mnunuzi naye ana nguvu: ukikataa polista iliyochoka na ukachagua pamba na kitani, muuzaji ataona haraka kinachotoka mezani na kinachobaki, na oda yake itabadilika.

Nitaijuaje nguo nzuri katikati ya rundo?

Anza na mkono kabla ya jicho. Funga kitambaa ndani ya ngumi hesabu hadi kumi, kisha achia. Pamba itabaki na mikunjo lakini itakuwa na uzito na ubaridi kidogo. Polista itaruka kama haijaguswa, na kwa joto la Dar la Februari utajuta.

Halafu inyanyue kuelekea mwanga. Usiinyanyue chini ya turubai la bluu, maana rangi zote hudanganya humo. Toka nje hatua mbili. Mwanga utakuonyesha kitambaa kilipolika: makalioni, kati ya mapaja, viwiko. Tundu naweza kulishona, lakini kitambaa kilicholika hakishoniki. Uzi hauna pa kushika.

Geuza ndani nje. Angalia kwapa na kola, kwani doa la jasho la manjano lililokaa miaka halitoki hata ulichemshe. Vuta mshono wa pembeni kwa vidole gumba viwili. Ukiona uzi unaachia nafasi kama meno, achana nayo. Angalia kama kuna kitambaa cha akiba ndani ya pindo na mshono wa kiuno. Suruali za zamani za kushonwa vizuri huwa na sentimita mbili au tatu za ziada nyuma, na hizo ndizo zinaniwezesha kukuongezea kiuno. Bila akiba hiyo naweza kupunguza tu, siwezi kuongeza. Zipu ifungue na kuifunga mara tatu. Ikikwama sio mwisho wa dunia, kubadilisha ni kazi ndogo, lakini gharama yake iingize kwenye bei kabla hujalipa.

Kariakoo na pembezoni mwake utakutana na winga, kijana anayekuongoza kwenye vibanda. Ni kazi halali na wengi ni waungwana, ila fahamu kuwa posho yake imo ndani ya bei unayotajiwa. Ukiwa na muda, tembea peke yako.

Je, ni salama kiafya? Na nguo za ndani?

Nguo za ndani za mtumba usinunue. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limezipiga marufuku, na marufuku hiyo inahusu pia soksi na sidiria. Utaziona bado zinauzwa. Pita.

Nguo nyingine loweka, fua kwa sabuni na maji ya moto kadiri kitambaa kinavyovumilia, anika kwenye jua kali, piga pasi hadi kwenye mishono. Joto ndilo linaloua kunguni na mayai yao, si marashi. Kwenye sofa na vitanda uwe mkali zaidi: washa tochi ya simu, angalia mikunjo ya kitambaa, pembe na matundu ya skrubu. Vidoti vyeusi kama vya kalamu ni alama ya kunguni. Kunguni wakishaingia kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba sita, hilo si tatizo lako peke yako tena.

Friji la mtumba ni rahisi sana. Ninunue?

Nilinunua. Mwaka 2019 muuzaji mmoja aliniuzia friji refu la milango miwili kwa 280,000, akanionyesha linavyoganda, tukapeana mikono. Ndani ya mwezi likaacha kuganda. Fundi akajaza gesi, wiki tano baadaye likarudia. Akajaza tena. Mara ya tatu akapaka povu la sabuni kwenye mabomba na tukaliona tundu, liko nyuma ya ukuta wa plastiki mahali pasipozibika bila kulibomoa. Muuzaji hakupokea simu tena. Sikuwa na karatasi yoyote.

Kuacha kuganda hakukuwa hasara kubwa zaidi, hasara kubwa ilikuwa umeme. Jipime hivi na friji lako: zima kila kitu ndani isipokuwa friji, soma mita ya LUKU saa nne usiku, soma tena saa kumi na mbili asubuhi, zidisha kwa tatu. Langu lilikuwa linakula karibu uniti mbili kwa siku, yaani 60 kwa mwezi. Kwa sisi tusio kwenye kundi la matumizi madogo, 10,000 ilikuwa inatoa uniti 28 hivi, kwa hiyo uniti moja ni kama shilingi 356. Friji lile lilinigharimu 21,000 na ushee kila mwezi. Friji dogo jipya linalotumia uniti 21 kwa mwezi lingegharimu kama 7,500. Tofauti ni karibu 14,000 kwa mwezi, zaidi ya 160,000 kwa mwaka. Kwa miaka miwili ningekuwa nimeshalipa thamani ya lile la 280,000 mara nyingine, kwa LUKU peke yake. Na aliye kwenye kundi la uniti zisizozidi 75 kwa mwezi anaweza kutolewa humo na friji bovu, akaanza kununua uniti kwa bei ya juu.

Kwa mazingira hesabu nayo inageuka. Nguo ikishatengenezwa haili umeme kabatini. Friji linakula kila saa. Halafu kuna gesi. Mafriji ya zamani kabisa yalitumia R12, inayoharibu tabaka la ozoni na iliyodhibitiwa na Mkataba wa Montreal wa 1987. Mengi yaliyofuata yana R134a, ambayo haigusi ozoni lakini hupasha joto dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Ile gesi iliyovuja jikoni kwangu mara tatu ilikuwa hiyo. Mapya mengi hutumia R600a, ambayo madhara yake kwa tabianchi ni madogo mno.

Kwa hiyo: angalia kibandiko cha nyuma kinachotaja gesi, volti na mwaka. Likiwa limetoka Japan litakuwa la volti 100, litahitaji transfoma, na transfoma nayo inakula umeme. La Uingereza linaendana na umeme wetu na hata plagi ni ileile. Liwashe, ondoka, rudi baada ya saa tatu. Kompresa inayonguruma bila kupumzika haifai. Bana noti ya elfu moja kwenye mpira wa mlango uvute: ikitoka bila kung'ang'ania, baridi inatoka hapohapo. Ukishakuwa na shaka, kusanya kidogokidogo ununue dogo jipya. 

Na simu?

Simu ni kinyume cha friji. Umeme inaotumia ni mdogo, uharibifu mkubwa ulishafanyika kwenye kuchimba madini na kuitengeneza, kwa hiyo kila mwaka unaoiongezea ni faida tupu. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na zilizokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu rasmi ni asilimia 22.3 tu.

Kabla ya kulipa, piga *#06#, namba ya IMEI itokee, ilinganishe na ya kwenye boksi kama lipo, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 uone kama inalingana na aina ya simu unayoishika. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizima simu bandia mwezi Juni 2016, na waliokuwa wamezinunua walibaki na vioo tu mikononi. Mwambie muuzaji aondoe akaunti yake ya Google au iCloud na kuisafisha simu mbele ya macho yako. Akisema atakutumia nenosiri baadaye, simu hiyo si yake. Andikianeni: jina, namba ya kitambulisho, IMEI, bei, tarehe, sahihi. Kupokea mali ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini, kuwa ni ya wizi ni kosa la jinai hata kama ulilipa kwa pesa yako halali, na karatasi hiyo ndiyo utetezi wako wa kwanza kituoni. Betri iliyochoka isikutishe, kubadilisha ni rahisi kuliko simu mpya.

Gari la mkononi ni nafuu kuliko kuagiza?

Mara nyingi ndiyo, kwa sababu aliyeagiza ameshalipa ushuru wote, pamoja na ule wa ziada unaotozwa magari yaliyozeeka. Ila Dar tuna tabia ya kununua namba badala ya gari. Toyota IST yenye namba ya usajili ya E, ya karibuni zaidi, hupandishwa bei juu ya yenye namba D, hata kama ya D imetunzwa na ya E imeendeshwa kama daladala. Nenda na fundi wako, si fundi wa dalali.

Swali la kumuuliza fundi huyo ambalo watu hulisahau: masega yapo? Hicho ndicho kifaa kwenye bomba la moshi kinachopunguza sumu, na kwa kuwa ndani yake kuna madini ya thamani, hung'olewa na kuuzwa. Gari bila masega linakwenda, wewe huoni tofauti, lakini aliyesimama kituoni Buguruni analipumua. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilieleza mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yalisafirishwa kutoka Ulaya, Japan na Marekani, na kama asilimia 80 yalikwenda nchi za kipato cha chini na cha kati. Mengi yalikuwa chini ya viwango vya usalama na moshi.

Vitu gani usinunue vilivyotumika hata ukipewa bure?

Helmeti ya pikipiki, kwa sababu ikishapata kishindo kimoja kazi yake imekwisha hata kama haina ufa. Godoro. Mpira na regyuleta ya gesi ya kupikia. Tairi zee: soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Raba hukauka hata ikikaa stoo, na kashata zake, yaani meno ya tairi, kuwa nene hakukuokoi kwenye mteremko wa Kitonga.

Wewe ni fundi. Mitumba si ndiyo iliyoua viwanda vyetu na kukunyima kazi?

Nimelibeba swali hili miaka mingi. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na kanga zake zilivaliwa nchi nzima. Kisha biashara ikafunguliwa katikati ya miaka ya 1980, enzi za Rais Mwinyi, Mzee Ruksa, zikafuata, mitumba ikajaa. Aliyekuwa anashona mashati ya kazi alipata shida kweli.

Lakini mtumba haukuwa peke yake. Mashine zilichakaa, umeme ulikatika, na nguo mpya za bei ndogo kutoka Asia zimeingia kwa wingi mno. Hadi leo pamba yetu nyingi inauzwa nje ikiwa haijafumwa. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba ifikapo 2019. Wafanyabiashara wa Marekani wakalalamika, mpango wa AGOA, unaoziruhusu bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru, ukawekwa mezani kama fimbo, nchi nyingine zikalegeza, Rwanda ikabaki na ushuru wake na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya AGOA kwa nguo. Hapo ndipo tulipoona nani ana nguvu juu ya kabati letu.

Msimamo wangu: kanga, kitenge, sare za shule na nguo ya harusi nunua mpya, ya hapa, ishonwe na fundi wa mtaani kwako. Koti, jinzi, sweta la mwanao anayekwenda kusoma Iringa, chukua mtumba. Na usiukatae mtumba kwa sababu ya fundi, kwani karibu nusu ya kazi yangu ya mwezi ni kupunguza, kuongeza na kugeuza kola. Kola iliyolika upande mmoja naifumua, naigeuza, naishona upya, na shati linapata maisha ya pili. Kazi hiyo ni ya dakika 40.

Nina nguo na vyombo sivitumii. Nifanyeje?

Uza mapema, kabla havijapitwa na wakati wake. Fua, piga pasi, piga picha mchana karibu na dirisha, andika vipimo na kasoro zote. Tangazo lililotaja tundu dogo huniletea watu wachache, lakini wakija wananunua. Kutana na mnunuzi mahali penye watu, na pesa ya simu ihakiki kwa kuangalia salio, sio kwa ujumbe anaokuonyesha. Viatu vya mtoto vilivyobana mpe jirani leo, mwanawe hataacha kukua akikusubiri.

Niende Karume siku gani na saa ngapi?

Kama unatafuta daraja la kwanza, nenda asubuhi na mapema, saa kumi na mbili au moja, mizigo inapofunguliwa. Utakuwa pamoja na wauza maduka wanaochagua kwa kasi, na bei iko juu. Kama unataka bei, nenda jioni, saa kumi na kuendelea, watu wanapokusanya turubai na hawataki kubeba mzigo kurudi stoo. Soko hili liliungua Januari 2022, waliorudi wengi walianza upya kwa mkopo, kwa hiyo ukipunguziwa bei shukuru na usikamue zaidi. Beba mfuko wako, chenji ndogondogo, na vaa fulana nyembamba ili uweze kujipima shati juu yake palepale. Ukipata suruali nzuri inayokuzidi kiuno usiiache. Angalia akiba ya ndani, kisha uje nayo Tabata.